Jinsi ya Kutambua na Kupanga Ska Iliyochanganyika na Panki

Mtu anapoanza kukusanya nyimbo za ska, muziki wa kuchezeka uliozaliwa Jamaika, shida haimkuti kwenye nyimbo za Jamaika za mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa kuwa hizo zinajitambulisha zenyewe. Shida humkuta anapofika kwenye bendi za Uingereza za mwaka 1979 na zile za Marekani za miaka ya 1980 na 1990, ambako ska ilifufuliwa na vijana waliokuwa wameshaonja panki, na ambako kila orodha ya muziki huupa wimbo uleule jina lake. Mmoja ataandika ska, wa pili ska-panki, wa tatu 2 Tone, na wa nne wimbi la tatu. Ukiyatazama kwa makini, majina hayo hayagombani, kwa sababu kila moja linajibu swali lake: la kwanza linataja mdundo, la pili linataja mchanganyiko, la tatu ni jina la lebo ya santuri, na la nne linataja kipindi. Njia ninayoipendekeza hapa ni kuliacha jina lisubiri. Tafuta kwanza mahali ambapo ska na panki zimeunganishwa ndani ya wimbo, kisha ujiulize zimeunganishwa vipi. Kiungo hicho hueleza mengi kuliko matarumbeta, kuliko mavazi, na kuliko mwaka ulioandikwa kwenye jalada.

Neno panki kwetu limebaki zaidi kwa vinyozi, kama jina la mtindo wa nywele. Humu ninalitumia kwa maana ya muziki wenyewe, ule wa magitaa yenye mkwaruzo na nyimbo fupi za kasi uliotikisa New York na London katikati ya miaka ya 1970.

Hesabu kabla ya kutaja

Chukua wimbo wowote wa The Skatalites, kundi la Kingston lililoanzishwa mwaka 1964 na kuvunjika mwaka uliofuata, ambalo wanamuziki wake walipiga katika sehemu kubwa ya rekodi za ska za wakati huo. Gonga mguu chini kufuata mwendo na uhesabu kwa sauti: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Utasikia kwamba gitaa la rithimu halipigi kwenye namba hata kidogo. Linapiga kwenye kila "na", mara nyingi kwa kuchapa nyuzi kutoka chini kwenda juu, na sauti hukatwa papo hapo. Mpigaji huikata kwa kulegeza vidole vya mkono unaoshika shingo ya gitaa bila kuviondoa kabisa kwenye nyuzi, hivyo kinachosikika ni mlio mfupi, mkavu na mwembamba, ambao mara nyingi piano huurudia sambamba. Chini yake besi inatembea, noti moja kwa kila pigo, kama ilivyo katika jazi, na kwenye drams ngoma ya mguu hukutana na sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, kwenye pigo la pili na la nne. Rudia kuhesabu mpaka mdomo wako uweze kusema "na" pamoja na gitaa bila kufikiri. Zoezi hili huchukua muda mfupi, na bila hilo kila kitu kitakachofuata kitakuwa kubahatisha.

Sasa weka wimbo wa panki. Mkono wa gitaa unashuka tu, chini, chini, chini, ukipiga kwenye namba na kwenye "na" bila kubagua. Sauti ina mkwaruzo, na kodi zenyewe, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zimepunguzwa: badala ya sauti tatu au zaidi zinazounda kodi kamili, zinapigwa mbili tu, ile ya msingi na ya tano yake. Wengine hudhani kwamba wapigaji wa panki walifanya hivyo kwa kukosa ujuzi tu, lakini ipo sababu ya kisauti. Mkwaruzo ukiongezwa kwenye kodi kamili, sauti zake hugongana na kuzaa ukungu usiosikika vizuri, ilhali sauti mbili hizo hubaki imara. Kwa hiyo mpigaji anayetaka kuhama kutoka ska kwenda panki katikati ya wimbo habadilishi kasi peke yake. Anahama kutoka nyuzi za juu nyembamba kwenda nyuzi za chini nene, anaacha kodi kamili na kushika kodi ya sauti mbili, na anakanyaga pedali ya mkwaruzo, yote ndani ya nafasi ya pigo moja. Sikiliza vizuri na utausikia ule mkanyago. Mara nyingi kuna nusu ya pigo la ukimya, au sneya inayobisha hodi mara mbili tatu, kabla ukuta wa sauti haujaanguka.

Kuna jambo moja kwenye drams ambalo naona halipewi uzito unaostahili. Katika panki ya kasi zaidi, ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliyoitwa hadikoo, ngoma ya mguu huangukia kwenye namba na sneya huangukia kwenye "na". Hapo ndipo gitaa la ska linapokaa. Mitindo miwili iliyozaliwa katika nchi tofauti na kwa sababu tofauti ilikuwa tayari inatilia mkazo upande uleule wa pigo, na hiyo ni sehemu ya sababu kwa nini gitaa la ska linaweza kuwekwa juu ya drams za hadikoo bila kuteleza.

Tafuta kiungo

Ukishaweza kuitambua kila sauti peke yake, anza kutafuta zinapokutana. Mimi hutofautisha namna tatu za kuunganisha, na naona namna hizi zinafaa zaidi kuliko hesabu ya mawimbi ambayo nitaigusa baadaye.

Namna ya kwanza ni kuweka kimoja juu ya kingine kwa wakati mmoja, na mabingwa wake ni The Specials wa Coventry. Jerry Dammers, mpiga kinanda wa bendi hiyo na mwanzilishi wa lebo ya 2 Tone, hakuanzia hapo. Mwanzoni bendi ilijaribu kuchanganya panki na rege, na vitu hivyo viwili vilikataa kushikana, kwa kuwa rege inavuta nyuma na panki inasukuma mbele. Suluhisho lilikuwa kurudi nyuma miaka 15 na kuchukua ska, ambayo ina "na" ileile ya rege lakini ina mwendo wa kuchezeka kwa kasi. Wasikilize katika albamu yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1979 na kusimamiwa studioni na Elvis Costello. Lynval Golding, mzaliwa wa Jamaika, anashika gitaa la rithimu kwenye "na", na wakati huohuo Roddy Byers anapitisha juu yake gitaa la solo lenye ukali wa roki. Hakuna anayemsubiri mwenzake. Ukigeuza sauti kulia na kushoto kwenye visikizio, unaweza kuwafuata wote wawili katika ubeti uleule.

Zoezi zuri la namna hii ni kulinganisha nyimbo mbili za albamu hiyo na rekodi za awali. "Monkey Man" ilirekodiwa na Toots and the Maytals mwaka 1969. The Specials waliirudia kwa kasi zaidi, drams zikiwa nzito na magitaa yakiwa makali, hivyo nguvu ya panki inasikika ingawa umbo la wimbo halikubadilishwa. "A Message to You, Rudy" ni jambo jingine. Dandy Livingstone aliirekodi London mwaka 1967 katika mwendo wa rokstedi, mtindo wa Jamaika uliotokana na ska, huku trombone ikipigwa na Rico Rodriguez, mzaliwa wa Cuba aliyekulia Kingston na kusomea Alpha Boys School, shule iliyolea wapulizaji wengi wa Jamaika. The Specials walipourudia miaka 12 baadaye, walimwita Rico huyohuyo apulize trombone. Sikiliza rekodi zote mbili mfululizo na utafute panki ndani ya ile ya pili. Mimi sikuiona zaidi ya ugumu kidogo katika drams, na ndiyo maana naupanga wimbo huo chini ya ska ingawa bendi yenyewe huitwa mara nyingi ska-panki.

Namna ya pili ni kupeana zamu. Ubeti unapigwa kwa ska safi isiyo na mkwaruzo, kiitikio kinaporomoka kwa panki, kisha ubeti unarudi ulivyokuwa. Hii ndiyo namna iliyotawala Marekani katika miaka ya 1990, na msikilizaji mpya huitambua mara moja kwa sababu mpaka wake uko wazi. Reel Big Fish wa California na Less Than Jake wa Florida wameijenga sehemu kubwa ya kazi yao juu ya mpaka huo. Linalonivutia ni kwamba kile ambacho Dammers alikikimbia, yaani wimbo unaogawanyika vipande viwili visivyofanana, ndicho Wamarekani walichokigeuza kuwa alama yao. Walifaulu kwa sababu hawakujaribu kuuficha mpaka. Waliufanya kuwa raha ya wimbo, wachezaji wakiusubiri kama wachezaji wa muziki wa dansi wanavyosubiri chemko.

Namna ya tatu ni kukoroga, na hapa ndipo penye ubishi mkubwa. Operation Ivy walidumu tangu mwaka 1987 hadi 1989, wakapigia sana katika ukumbi wa 924 Gilman Street huko Berkeley, na wakaacha albamu moja tu ya studioni, "Energy". Katika nyimbo zao nyingi gitaa linachapa "na" huku drams zikikimbia kwa mwendo wa hadikoo, sauti ya gitaa yenyewe ikiwa na uchafu kidogo, na mwimbaji akipayuka. Huwezi kunyoosha kidole na kusema ska imeishia hapa na panki imeanzia pale. Na bado albamu hiyohiyo ina wimbo kama "Knowledge" ambao hauna ska hata chembe. Kwa maoni yangu hao ndio wanaostahili jina la ska-panki kwa ukamilifu wake, hata kama walioliuza jina hilo kwa wingi walikuja baada yao. Tim Armstrong na Matt Freeman wa kundi hilo walianzisha Rancid mwaka 1991, na mwaka 1995 wakatoa "Time Bomb", ambapo gitaa la "na" na kinanda cha ogani vinashika wimbo mzima. Ukiupanga wimbo huo pekee chini ya ska-panki hutakosea, lakini ukiipanga Rancid yote huko utakuwa umekosea, maana nyimbo zao nyingi ni panki tupu.

Yanayopotosha

Nilipoanza kupanga mkusanyiko wangu nilitumia matarumbeta kama kipimo: penye tarumbeta, trombone na saksafoni niliandika ska, pasipo navyo niliandika panki. Matokeo yake Operation Ivy, bendi ya watu wanne isiyo na kikosi cha wapulizaji, ilitupwa nje kabisa, na nyimbo za roki zilizokodi wapulizaji kwa siku moja zikaingia ndani. Ilinibidi nianze upya. Matarumbeta ni dalili tu. Yanakutwa mara kwa mara kwa sababu ska ilizaliwa mikononi mwa wapiga jazi waliokuwa na ala hizo, na bendi za baadaye ziliyarithi kwa heshima, lakini mdundo husimama bila yao.

Mavazi na miraba ya rangi nyeusi na nyeupe hupotosha vilevile. Miraba ile ilikuwa na maana nzito mwaka 1979. Uingereza ilikuwa na chama cha kibaguzi cha National Front kilichokuwa kikiandamana mitaani, na kampeni ya Rock Against Racism ilikuwa imeanza mwaka 1976 kuwakutanisha wapenzi wa panki na wa rege jukwaani. Bendi zenye wanamuziki weusi na weupe, kama The Specials, The Beat na The Selecter iliyoongozwa na mwimbaji Pauline Black, zilivaa msimamo wao. Hata kile kikatuni cha mtu mwenye suti na miwani kwenye nembo ya 2 Tone kilichorwa kutokana na picha ya Peter Tosh alipokuwa kijana katika The Wailers. Historia hiyo inapaswa kuheshimiwa, na ndiyo maana naona si haki kumwita mtu mpigaji wa 2 Tone kwa sababu tu jalada lake lina miraba.

Msomaji aliyekulia na muziki wa dansi wa Tanzania atalielewa jambo hili haraka. Sikinde ni mtindo wa Mlimani Park, na Msondo ni wa NUTA, iliyokuja kuwa JUWATA na kisha OTTU. Jina la mtindo linataja nyumba na watu wake pamoja na mapigo yao, na bendi nyingine ikiiga mapigo hayo haipati kwa hilo haki ya jina. 2 Tone ni jina la namna hiyohiyo. Lebo hiyo ilitoa pia "Ghost Town" ya The Specials, iliyoshika nafasi ya kwanza Uingereza mwezi Julai 1981 wakati miji kadhaa ikiwaka moto wa ghasia. Ni wimbo wa mwendo wa polepole, karibu zaidi na rege kuliko ska, na hauna panki ya kusikika. Kwenye safu ya lebo utaandika 2 Tone bila shaka yoyote, lakini kwenye safu ya mtindo usiandike ska-panki.

Kuhusu mawimbi nitasema machache. Desturi huhesabu Jamaika kuwa wimbi la kwanza, Uingereza ya 2 Tone la pili, na Marekani ya miaka ya 1980 na 1990 la tatu. Hesabu hiyo inafaa kwa kutaja kipindi na haifai kwa kutaja sauti. Hepcat wa Los Angeles na The Slackers wa New York huwekwa kwenye wimbi la tatu pamoja na Less Than Jake, ilhali wao wanapiga ska ya mtindo wa Jamaika isiyo na panki. Anayedhani wimbi la tatu na ska-panki ni kitu kimoja atawapanga vibaya kila mara. Tena hesabu hiyo huwaacha nje watu wengi waliofanya kazi kubwa mbali na London na California: Kortatu wa Nchi ya Basque, walioanza mwaka 1984 na kuigeuza "Chatty Chatty" ya Toots and the Maytals kuwa wimbo wa lugha yao, "Sarri, Sarri", Panteón Rococó wa Mexico, na Tokyo Ska Paradise Orchestra wa Japani.

Kuandika kwenye mkusanyiko wako

Ukishasikiliza, andika, na uandike kwa wimbo mmoja mmoja, si kwa bendi. Bendi hubadilika. Madness walianza kwa santuri ya 2 Tone ya kumsifu Prince Buster, mwimbaji wa ska wa Jamaika, na mwaka 1982 walikuwa na "Our House", ambayo ni pop ya Kiingereza. No Doubt waliweka katika "Tragic Kingdom" ya mwaka 1995 nyimbo zenye "na" ya ska iliyo wazi, na kando yake wakaweka "Don't Speak", wimbo wa mapenzi wa taratibu usiohusiana na ska kwa lolote.

Tumia safu nne zinazojitegemea. Ya kwanza iwe ya mdundo: ska, rokstedi, rege, panki, hadikoo, hata mawili kwa pamoja. Ya pili iwe ya kiungo: juu kwa juu, kwa zamu, au kukoroga, na uiache tupu kama hakuna mchanganyiko. Ya tatu iwe ya mahali na mwaka, ambayo inaondoa haja ya kubishania mawimbi. Ya nne iwe ya lebo au nyumba. Ukipanga mafaili kwenye kompyuta na programu yako ina nafasi moja tu ya aina ya muziki, weka mdundo hapo na safu nyingine tatu uziandike kwenye nafasi ya maelezo, zikitenganishwa kwa mkato ili uweze kuzitafuta baadaye.

Usishangae utakapokuta hazina kubwa za kumbukumbu zimepanga tofauti na wewe. Discogs, kwa mfano, huiweka ska kama mtindo chini ya rege, na panki kama mtindo chini ya roki, hivyo albamu moja ya ska-panki hujikuta ina mama wawili. Kihistoria mpango huo umempakatisha mtoto mama yake, kwa kuwa rege ilitokana na rokstedi mwishoni mwa miaka ya 1960, na rokstedi ilitokana na ska. Kwa anayetafuta santuri ya kununua, hata hivyo, mpango huo unafanya kazi, mradi ajue kutafuta pande zote mbili.

Zitabaki nyimbo za kubishaniwa. Chukua "The Impression That I Get" ya The Mighty Mighty Bosstones wa Boston, iliyotamba mwaka 1997. Bendi hiyo iliitwa ya ska na hadikoo, na sauti ya Dicky Barrett ina ukwaruzo wa kutosha kumfanya msikilizaji akubali bila kuhesabu. Hesabu. Katika beti gitaa liko kwenye "na", matarumbeta yanajibu, drams zinakwenda kwa mwendo wa roki wa wastani, na kiitikio kinapoingia magitaa yanajaa lakini drams hazipandi kufikia kasi ya hadikoo. Mimi nimeandika ska na roki kwenye safu ya mdundo, na kwa zamu kwenye safu ya kiungo, kisha kwenye maelezo nikaongeza dakika na sekunde ambapo gitaa linahama, ili atakayetofautiana nami aanzie kwenye sekunde hiyohiyo.